Simu ya Meneja wa Mbale

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la kujazia watu fomu mtandaoni, Jinja, nilipewa kitambaa cha kufutia vumbi na laptopu kuukuu. Ilitumia Linux, mfumo wa bure unaoendesha hata mashine zilizochoka. Waifai yake ilikuwa imekufa, na tundu la waya kwenye simu ya duka lilikuwa limelegea. Kwa hiyo intaneti tuliivuta kutoka kwenye simu hiyo kwa Bluetooth. Nyinyi mnaoanza kazi hii mjue: simu ikitoka chumbani, intaneti nayo imetoka.

Msimamizi wa Jinja, mama mmoja mpole, alinifundisha bila kupayuka.

"Kuoanisha ni kusalimiana tu," alisema. "Simu na laptopu zimejuana. Chakula bado."

Chakula ni hivi: kwenye simu unawasha ruhusa ya kugawa intaneti kwa Bluetooth, kisha kwenye laptopu unachagua kuunganisha mtandao. Simu ikizimwa na kuwashwa, mara nyingi ruhusa hiyo hujizima, basi tazama hapo kwanza. Zikikosana kabisa, futa jina pande zote mbili ndipo uoanishe upya. Ukifuta upande mmoja, ule mwingine unabaki na ufunguo wa kufuli iliyokwisha kubadilishwa.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Mbale, chini ya mlima Wanale. Huko meneja alitumia simu yake mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mtandao ukikwama, aliifuta laptopu kwenye simu kwa hasira, halafu akailaumu Linux.

Siku moja alikuja Afande, askari wa magereza, kumwombea bintiye nafasi katika chuo cha wauguzi. Maombi yalikuwa yanafungwa jioni ile. Nilijaza kila kitu, ikabaki kutuma tu. Mtandao ukakwama. Meneja akafuta, kama kawaida yake.

Nikasema taratibu, "Bwana, umefuta upande wako. Acha nifute na huku, tuoanishe upya. Ni kazi ndogo."

"Sauti gani hiyo, ya panya?" Akacheka. "Afande, unaona? Amesoma praimari, ananifundisha simu yangu."

"Bwana, mtoto anangoja," Afande alisema.

"Kaa hapo. Nakwenda kula, narudi sasa hivi. Hiyo takataka itapoa."

Simu ikaondoka naye, mfukoni mwake. Nilifuta upande wangu, nikawasha upya huduma ya Bluetooth, nikakaa tayari. Simu yangu na ya Afande zilikuwa za vibonyezo, za kupiga tu. Afande alimpigia meneja. Iliita mpaka ikakatika. Nikamwambia ajaribu duka jingine. Alisema meneja amekwisha kumpa neno kwamba anarudi.

Meneja alirudi jua limeshuka, kijiti cha meno mdomoni. Tulioanisha, namba za kuthibitisha zikafanana kwenye vioo vyote viwili, mtandao ukaja mara moja. Ukurasa wa chuo ukafunguka: maombi yamefungwa.

"Nani ameharibu?" Afande aliuliza.

"Huyu." Meneja alinionyesha kwa kijiti. "Hajui kazi. Leo ndiyo mwisho wake hapa."

Afande aliniangalia. "Wewe mtoto, ungesema tu kama hujui."

Sasa niko Wanyange, kando ya ziwa, naanika mukene na shangazi. Dagaa hawa hawahitaji mtandao. Nyumbani wananitania, wananiita mstaafu. Meneja sidhani ananikumbuka; alikwisha kufuta upande wake.

Lakini mimi nilisema. Nilisema mapema, na Afande alikuwa amekaa pale pale.