Mguu Chini ya Maharagwe

Mwishoni mwa miaka ya tisini, tajiri wa ghala letu la maharagwe pale Gisenyi alileta mashine ya betri ya kusogezea paleti, zile fremu za mbao tunazopangia magunia. Akanikabidhi mimi niiendeshe, kwa kuwa nilikulia Goma nikiendesha chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Aliona aliyezoea magurudumu hashindwi na gurudumu lolote. Nami nikavimba kichwa sana.

Wapagazi hawakufurahi. Mashine ilifanya kazi ya watu wengi, na baadhi yao walikwishaambiwa wasirudi. Nikipita, walinipa mgongo.

Siku hiyo niliiteremsha kwenye mteremko wa mlangoni ikiwa imejaa magunia. Mashine ile ukiachia mpini, inasimama yenyewe. Lakini mwendesha chukudu haachii usukani hata dunia ipinduke. Anaubana, kisha anafunga breki kwa mguu. Nikabana. Nikatia mguu. Mashine ikanisukuma mpaka ukutani, mguu wa kulia ukabaki chini yake.

Nilipiga mayowe bila aibu. Waliokuja mbio ni wapagazi walewale. Walishusha magunia wakipokezana mkono kwa mkono, wakainua mashine kwa mabega. Gari la tajiri lilikuwa ng'ambo ya mpaka, basi wakaazima kwa majirani ingobyi, machela ya kusuka ambayo kwetu hubebewa wagonjwa, wakanipeleka hospitali wakibadilishana. Njiani niliuliza mara kwa mara kama mguu utakatwa, mpaka mkubwa wao akachoka.

"We, nyamaza! Mguu iko yako, lakini mugongo iko yetu."

Haukukatwa. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, ungekwenda. Mpaka leo nikivaa viatu nawashukuru watu wale, tena kwa sauti.

Mke wangu alikuwa kwao Goma, hana habari, na pale hospitali kila mgonjwa alilishwa na watu wake. Yule mkubwa wa wapagazi akawa ananiletea viazi. Siku moja nikamuuliza kwa nini anajisumbua, wakati mashine yangu imewanyima kazi.

"Tulikukasirikia, ndiyo," akasema. "Na bado tunakukasirikia. Sasa kukasirika ni kuacha mutu afe?"

Nililia, mwanamume mzima, chakula kimejaa mdomoni. Kesho yake akaja tena, bado amenuna, akaketi kando ya kitanda mpaka nikamaliza kula.