Sare ya Bibi

Kijana wa bodaboda aliniuliza anishushe wapi, nikamwambia uwanjani. Akageuza shingo. "Uwanja gani, dada? Huku ni maduara tu." Nilikuwa sijakanyaga Kharumwa tangu nimalize shule, na ulimi wangu ulikuwa bado unaishi zamani. Duara, kama hukukulia huku kwetu, ndilo jina la shimo la wachimbaji wa dhahabu. Sisi watoto tulilijua neno hilo kwa maana nyingine kabla ya hiyo.

Asubuhi ya mechi ya nyumbani, kazi yangu ilikuwa kukomba majivu jikoni kwa bibi na kuyapeleka uwanjani kwa ndoo. Chokaa ilikuwa ya timu za mjini. Mwalimu wetu, ambaye ndiye aliyekuwa kocha, alisimama katikati ameshika ncha moja ya kamba ya ng'ombe. Mimi nilishika ncha ya pili, nikazunguka nikimwaga majivu mpaka nirudi nilipoanzia. Hilo ndilo lilikuwa duara letu. Likipinda, mjomba, kapteni wa timu, alinitania kuwa nimelichora nikiwa na njaa, kisha akanipa tobolwa kutoka mfukoni mwake, kiazi kikavu kinachonukia moshi na dawa ya kuchua. Nilikuwa nalipindisha kwa makusudi.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wa bibi. Babu alifia shimoni kabla sijazaliwa, na bibi hakutaka kusikia mwanawe anashuka huko. Mjomba alimpa neno lake: "Mama, maadamu nacheza mpira, sishuki." Bibi hakuujua mpira, lakini tangu siku hiyo aliupenda kama mkwe anayemtunza vizuri mwanawe. Jezi ya mjomba aliifua mwenyewe, hakumwachia mtu.

Kisha jirani yetu, mwenye eneo la uwanja, akaokota jiwe lenye dhahabu nyuma ya goli. Wachimbaji wakamjia, naye akawakubalia, ila aliomba ligi ya wilaya iishe kwanza. Kwa hiyo mechi yetu ya mwisho ya nyumbani ndiyo ingeufunga na uwanja wenyewe. Mjomba alilisema jambo hilo wakati wa kula, macho yakiwa kwenye ugali: uwanja ukienda, timu nayo imekwenda, na yeye Jumatatu atashuka na wenzake. Bibi aliendelea kumega tonge.

Siku ya mechi bibi alikuja uwanjani kwa mara ya kwanza, akakaa chini kando yangu. Tulipata bao mapema, na mfungaji alikuwa mjomba. Watu waliingia mpaka ndani ya uwanja, vumbi likapanda. Bibi hakupiga hata kofi. Aliniinamia akauliza, "Ng'wanawane, mwanangu, hao wageni watarudisha saa ngapi?"

Nikamwambia hatutaki warudishe.

"Nataka sare," akasema.

Hapo nikamwelewa. Mwaka uliotangulia, kwenye mashindano ya kombe, mjomba alirudi nyumbani akasema wametoka sare, watarudiana Jumamosi ijayo. Kwa bibi, sare ilikuwa na maana hiyo tu: Jumamosi nyingine. Mimi mwenyewe sikujua kuwa ligi si kombe. Nikaanza kuomba naye.

Karibu na mwisho wageni wakasawazisha. Uwanja wote ukanyamaza kama msibani, na katika ukimya ule vikasikika vigelegele vya mtu mmoja. Bibi alikuwa amesimama, khanga imemwanguka, anashangilia peke yake. Mjomba alisimama kwenye duara la kati, akamtazama. Wengine walicheka, wengine wakasonya. "Mama wa kapteni kahongwa!" mtu mmoja akapaza sauti. Filimbi ikalia. Wachezaji wakapeana mikono, wakaanza kuvua viatu.

"Wanarudiana lini, mwalimu?" bibi aliuliza.

"Hakuna kurudiana, mama. Ligi imeisha."

Bibi akaokota khanga yake, akaikung'uta vumbi. "Ng'ombe wa maskini hazai," akasema, na tukaenda nyumbani kusonga ugali.

Sikulia siku ile. Wala sikulia masika yaliyofuata, udongo uliposhuka. Duara la kwanza walikuwa wamelichimba palepale katikati ya uwanja, juu ya majivu yangu, na mjomba alikuwa ndani. Walimtafuta wakamkosa, mwishowe wakalifukia, wakachimba mengine pembeni. Bibi naye sikumwona akilia. Kuna kitu kiliingia ganzi ndani yetu, na changu hakijaamka mpaka leo. Asubuhi za Jumamosi aliendelea kuniita nikakombe majivu. Nilijaza ndoo, tukaiweka mlangoni, ikakaa hapo mpaka upepo uyamalize.

Sasa bibi hayupo, na mwalimu alihamishwa zamani. Palipokuwa na kona mama mmoja anauza chai na maandazi. Kwingine kote ni magunia ya mawe na winchi zinazolia. Nilijaribu kukisia katikati ya uwanja ni wapi, nikapima kwa macho huku na huku, nikashindwa. Nilingoja nisikie uchungu, haukuja.

Yule kijana aliniona nimesimama muda mrefu. "Dada, kumbe una mtu humu?"

"Ninaye. Mjomba wangu."

Akazima pikipiki. "Basi tumsubiri apande."

Nikamwambia hapana, twende.