Udongo wa Uwanjani kwa Nyanjige

Wachimbaji wa dhahabu walipohama kijiji kile cha Nkololo, waliacha rundo la marudio, yaani mchanga uliokwisha kukamuliwa dhahabu kwa zebaki. Mvua ikauteremsha hadi kwenye viwanja vya watu. Wananchi walipoambiwa kwamba udongo una sumu, majirani wakafungasha, nyumba moja baada ya nyingine. Eufrasia, aliyezoea kuja kuomba kaa la moto kwa Nyanjige na kukaa hadi uji uive, akamfuata mwanawe mjini Nyashimo. Nyanjige hakuwa na mtoto wala pa kwenda. Akabaki, mjane, akisikiliza upepo kwenye milango iliyoachwa wazi.

Kiangazi, mkutano ukaitishwa ofisi ya kata. Violeth, mtaalamu wa mazingira kutoka mkoani, akaeleza kwamba kabla ya kusafisha lazima wakubaliane zebaki kiasi gani ikibaki udongoni haitadhuru.

"Panapoishi watu na kulimwa mboga, inatakiwa ibaki kidogo mno. Pakiwa malisho tu, kiwango kinapanda kidogo. Pale hapana wakazi, kwa hiyo tumependekeza malisho."

Watu wakaitikia. Nyanjige akainuka, sauti ikikwaruza kwa kukaa bila kuongea.

"Mimi nakaa pale."

"Na nani, mayu?" Violeth akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Peke yangu."

Mwenyekiti akasema mtu mmoja anahamishika. Nyanjige hakuketi. "Napika pale, nalala pale, mchicha wangu unaota pale. Kwani mtu mmoja si mkazi?"

Violeth akafuta neno "malisho" ubaoni, akaandika "makazi".

Malori yakaja. Udongo ukakwanguliwa, mwingine ukamwagwa. Siku hizo uwanja ulijaa vicheko vya vibarua, na Nyanjige akawachemshia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, bila kuombwa. Kisha wakaondoka, kukawa kimya kuliko mwanzo.

Baada ya vipimo Violeth akarudi. "Umefika kiwango, mayu. Hata mtoto anaweza kuuchezea."

Nyanjige akatembea hadi barabarani penye mtandao, akampigia Eufrasia.

"Wamesafisha mpaka kwako. Rudini."

"Tumeshajenga huku, dada. Wewe lima tu na pale petu."

Asubuhi yake Nyanjige akachukua jembe, akavuka uzio wa minyaa, akaanza kulima kiwanja cha Eufrasia. Ila mahali pa jiko la Eufrasia hakupagusa, asije mwenyewe akarudi akakosa pa kuwashia moto.