Kipulizio Kilichozikwa

Nicodemus Ondieki wa Suna alikuwa fundi wa kuziba matundu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akikaa kwenye kibanda chake nyuma ya maegesho ya malori, akichovya rejeta za magari ya watu katika pipa la maji na kungoja viputo vimwonyeshe panapovuja. Mikono yake ilijaa makovu ya lehemu, na ukimwita ukiwa upande wake wa kulia ilibidi uite mara mbili. Lakini Jumamosi, akishavaa koti jekundu la bendi ya kanisa na kupakata tromboni, hata mkewe alikuwa akimtazama upya.

Katika bendi ile palikuwa na tromboni mbili. Ndogo ilikuwa ya Ondieki. Ile kubwa, ya besi, ilikuwa kikongwe kilicholetwa na wamishonari zamani ambazo hakuna aliyebaki wa kuzisimulia. Ilikuwa ndefu kupita zote zinazopigwa siku hizi, hata mkono wa binadamu haukufika mwisho wa mrija wake wa kuvuta, ndiyo maana ilifungwa mpini mdogo wa kuusukuma. Wageni walikuwa wakiuona mpini huo na kucheka, wakidhani ni kazi ya fundi wa jua kali.

Aliyeipiga kwa miaka thelathini alikuwa Mwalimu Mogire. Ualimu wenyewe ulikuwa wa muziki tu, maana mchana alikuwa karani wa bohari. Ndiye aliyemfundisha Ondieki kushika pumzi, kuhesabu, na kunyamaza pale wimbo unapotaka kimya. Ondieki alisimama kushoto kwake miaka yote hiyo, akijificha ndani ya sauti ile kama mtoto ndani ya koti la babake. Akikosea, besi ilimfunika. Alimpenda mzee yule kuliko alivyowahi kumwambia.

Mwalimu Mogire alifariki Agosti, akazikwa nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Homa Bay, mahali ambapo ukisimama uani unaliona ziwa. Sasa, bendi ile ilikuwa na desturi yake. Mpigaji akifa, kipulizio chake, yaani kile kikombe kidogo cha shaba kinachochomekwa kwenye ala ili midomo ikae, huzikwa naye. Midomo ya mtu ni ya mtu, walisema. Kwa wapiga tarumbeta hilo halikuwa na hasara, kwa sababu kabati la kanisa lilijaa vipulizio vya akiba. Basi Ondieki, akilia waziwazi bila kuona haya, alikiweka kile kikombe katika kiganja cha mwalimu wake kwa mkono wake mwenyewe, na jeneza likafungwa.

Wiki tatu baadaye aliitoa tromboni kubwa katika sanduku lake, maana sasa alitakiwa kuirithi. Akachukua kipulizio cha akiba, akakichomeka. Kikakwama mlangoni. Akachukua kingine, nacho kikakwama. Akajaribu vyote kumi na vinne, mpaka jasho likamtoka. Tundu la kikongwe kile lilikuwa jembamba kuliko mikia ya vipulizio vyote vya siku hizi. Kipulizio pekee kilichoingia humo kilikuwa chini ya udongo wa Homa Bay, na aliyekipeleka huko ni yeye. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hakumwambia mtu. Akasema ala inahitaji kusafishwa, na bendi ikaendelea bila besi, nyimbo zikipaa juu juu bila kitu cha kukanyagia. Kisha Mama Mellen, mjane wa Mogire, akapiga simu.

"Ondieki mwanangu, Agosti nafanya ibada ya kumbukumbu. Mwaka mmoja utakuwa umeisha. Mtakuja mnipigie wimbo wake?"

"Tutakuja, Mama."

"Nimesahau sauti yake ya kuongea, unajua? Lakini ile ya tromboni bado iko. Nataka niisikie."

"Utaisikia," alisema Ondieki, na ulimi ulikuwa umemponza tayari.

Tangu siku hiyo fundi akawa mtu wa kuelea. Alikuwa akilehemu huku anasikia besi. Lori likinguruma kwenye mlima wa kutoka mtoni, alisimama na koleo mkononi akitafuta ile ni noti gani. Siku moja aliitwa Masara kuziba rejeta ya jenereta ya wachimba dhahabu. Vinu vya kusagia mawe vilikuwa vikifanya kazi vyote kwa pamoja, na katikati ya ule mngurumo, chini kabisa, akamsikia Mwalimu Mogire akishikilia noti moja ndefu isiyokwisha. Vumbi lilitanda jeupe juani. Watu walipita ndani yake polepole, nao walionekana hawakanyagi chini. Ondieki akakaa juu ya jiwe, akafumba macho, akasahau jenereta. Walipomshtua alikuwa na machozi, akasingizia vumbi.

Alijaribu kila alichoweza kujaribu. Alipiga tupa mkia wa kipulizio kimoja mpaka kikapasuka. Akaenda kwa Osman, mfanyabiashara kutoka Garissa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mkabala na kibanda chake, akanunua viungo vya mabomba na utepe wa kuzuia kuvuja. Sauti iliyotoka ilikuwa ya ng'ombe mwenye kikohozi. Aliporudi mara ya nne, Osman akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Fundi, wewe unatafuta bomba ama unatafuta mtu?"

Ondieki akamweleza yote, kwa mara ya kwanza. Osman hakucheka, ingawa ndevu zilimtikisika kidogo.

"Hicho kitu kilikuwa kinalala wapi, kama hakipigwi?"

"Kwa sanduku. Kuna kishimo chake."

"Miaka thelathini kimelala hapo? Basi kimeacha alama. Enda uangalie."

Ondieki hakungoja chenji. Kishimo kilikuwepo, kimevikwa mahameli iliyochakaa, na mahameli ilikuwa imekandamizwa ikashika umbo lote la kile kikombe: ukingo, kiuno, mkia mwembamba. Akayeyusha mishumaa miwili, akamimina nta, akasubiri ipoe. Alipoivuta, kipulizio cha Mogire kilikuwa mkononi mwake, cheupe na chepesi. Akakibusu, kisha akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Nta ile ilimpa umbo la nje tu. Jinsi kilivyokuwa ndani, mahameli isingeweza kujua. Hilo lilijulikana na kidole gumba cha Ondieki, kilichokiosha kikombe kile kila baada ya ibada kwa miaka yote ya uanafunzi. Kiliingia mpaka kwenye kifundo cha kwanza, na chini kabisa palikuwa na duara laini kama kitako cha yai.

Mkereza vyuma mwenye mkono mtulivu alikuwa Homa Bay, karibu na gati. Jina lake Bravin, na kazi yake ilikuwa kuchonga vipuri vya injini za boti. Alipewa nta na kidole gumba, akachukua kipande cha shaba cha boti kuukuu, akaanza. Kila baada ya dakika chache alisimamisha mashine na Ondieki akatia kidole.

"Bado. Ongeza chini kidogo."

Saa tisa alasiri kidole kikatulia. Bravin akafuta shaba kwa kitambaa, akamtazama mteja wake.

"Omera, ndugu yangu, hii ni ya mwalimu. Sasa mdomo yako wewe inataka aje?"

Ondieki akakigeuza kile kikombe kiganjani. Tangu aanze kupuliza, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Shaba ilikuwa imebaki. Kwa aibu kidogo akasema angependa ukingo mnene zaidi, maana midomo yake ni mizito, na kina kifupi kidogo, ili noti iitike upesi. Bravin akamchongea cha pili.

Siku ya kumbukumbu alitangulia kufika kabla ya wenzake. Ziwa lilikuwa limelala jeupe, halijulikani linaishia wapi na mbingu zinaanzia wapi. Mama Mellen alikuwa barazani akichagua mchele. Ondieki akamwomba asikilize, akachomeka kile kikombe kirefu cha mwalimu, akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

Alikuwa Mogire. Ile noti ilitambaa chini kwa chini, ikapita chini ya viti na sufuria, ikaenda zake ziwani. Ungo ukatulia mapajani mwa Mama Mellen. Alilia bila sauti, na Ondieki akaendelea kupuliza mpaka kifua kikamuuma, akiona amelipa kosa lake.

"Ndiye," alisema mama. "Ndiye kabisa."

"Nilikuahidi, Mama."

"Ahsante. Sasa kitoe."

"Mama?"

"Kitoe, mwanangu. Huyo nimemlilia mwaka mzima, na juzi tu nimeanza kulala vizuri. Ukinipigia yeye mbele ya watu nitaanza upya." Akajifuta kwa ncha ya leso, akaelekeza kidole kwenye kikombe cha pili kilichokuwa ndani ya sanduku. "Hicho kingine ni cha nani?"

"Changu."

"Wewe nimekuona miaka mingi na hiyo tromboni yako. Sijawahi kukusikia."

Ibada ilipoanza Ondieki alichomeka kikombe chake mwenyewe. Hakukuwa na mtu upande wake wa kulia. Noti ya kwanza ilitoka na mchanga ndani, ya pili ikaja kabla ya wakati, na wote waliisikia. Sauti ilikuwa nyepesi kuliko ile waliyoizoea, yenye joto, iliyokaribia kuimba. Kufikia ubeti wa tatu alikuwa amesahau kuogopa.

Mgeni mmoja aliyeketi nyuma ya Mama Mellen akainama, akauliza kwa mnong'ono kama yule ndiye mwanafunzi wa marehemu.

"Huyo ni Ondieki," akasema mama, akaendelea kuimba.