Asubuhi Tuliyowafukuza Paa wa Wawindaji

Vuli ile mvua ilinyesha mpaka Wabelgiji wenyewe wakaanza kuilalamikia, na hao ni watu wanaoizungumzia mvua kama shemeji: hawampendi, lakini ni wa ukoo.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa mtaani Schaerbeek, Ubelgiji, ni mama wa Lubumbashi, mjane, aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kuuguza wazee wa watu. Mgonjwa wake mmoja alikuwa mke wa mkulima, nje ya mji upande wa kusini. Yule mke alipofariki, mkulima hakujua ashukuru vipi, basi akamkatia mama kona ya shamba lake alime anachotaka. Mama akapanda viazi vitamu.

Kazi yangu katika kilimo hicho ilikuwa kuwa na gari. Nimekulia Dar es Salaam, nimesoma mpaka macho yakadai miwani, na niliwahi kuandika insha ndefu kuhusu Mwafrika na ardhi ambayo watu wa heshima waliisifu. Jembe nililishika kwa mara ya kwanza Ubelgiji, nikiwa na mvi. Mama alinitazama nikilishika, akasema, "Weye papa, unalima sawa unavyoongea. Sawa redio." Kwao "sawa" ni "kama".

Viazi vyake havikuwa viazi hivi hivi. Mbegu alipewa na mama yake mzazi huko Likasi, akaivusha bahari ndani ya soksi. Mama yake sasa ni marehemu, na bustani ilikotoka mbegu imejengwa nyumba. Kila vuli alichagua viazi vizuri kabisa, akavilaza kwenye boksi la mchanga chini ya kitanda chake. Majira ya kuchipua yakifika vilitoa marando, akayakata na kuyapanda, mwaka ukazunguka. Mbegu ilikuwa ama chini ya kitanda ama ardhini. Vuli ile yote ilikuwa ardhini, na ardhi ilikuwa imejaa maji.

Katikati ya wiki mkulima alipiga simu. Mama aliweka sauti ya juu ili nami nisikie. Mahindi ya ng'ombe wake yalikuwa bado yamesimama, alisema, kwa sababu mashine ya kuvunia ingezama mpaka kwenye ekseli. Paa wamehamia mle ndani ya mahindi, wanatoka asubuhi kula majani ya viazi. Maji yamesimama kwenye matuta. Halafu akaongeza: "Jumamosi wawindaji wanakuja. Tafadhali msije Jumamosi."

"Oui, oui, monsieur," akajibu mama.

Nimekuwa jirani yake muda wa kutosha kujua kwamba "ndiyo" zake zikifuatana mbili, jibu ni hapana.

"Twende Jumapili basi, maman," nilisema.

"Jumapili ni kanisa. Na siku zingine weye uko na kazi. Kilazi ikilala mu mayi siku moja ya zaidi, inaoza. Wawindaji iko na bunduki, miye niko na jembe. Kila muntu na kazi yake."

Jumamosi tulifika kukiwa na ukungu. Kwenye mti mmoja karibu na njia ya shamba palikuwa na bango jekundu: hatari, uwindaji unaendelea. Nilisimamisha gari.

"Maman, wameandika hatari."

"Wapi? Pale ni pori. Siye tuko mu shamba. Muntu hawezi piga bunduki mu shamba ya muntu."

Hoja ilionekana nzuri. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi, kwa sababu gambuti zangu zilikuwa zinavuja na viatu vya ngozi, nikiwa bado sebuleni, vilionekana uamuzi wa busara. Hatua chache ndani ya shamba tope lilinivua kimoja, taratibu, kama mtumishi wa hoteli. Nilikuwa nimeinama nikikitafuta niliposikia mama akivuta pumzi.

Paa wawili walikuwa wamesimama katikati ya matembele yake. Wenyeji huwaita chevreuil. Ni wanyama wadogo, wenye macho ya kuomba radhi. Hawakuomba radhi. Mmoja alituangalia huku rando likining'inia mdomoni kama sigara.

"Banakula!" mama akalia. "Banakula mbegu ya mama yangu!"

Tulikuwa na sufuria kubwa ya kubebea viazi. Aliikamata, akaigeuza, akaipiga kwa mpini wa jembe. Sijawahi kusikia sauti kama ile Ulaya. Mimi nikaokota ndoo. Kule kwetu kulinda shamba ni kupiga debe na kupiga kelele, hilo hata mtoto wa mjini analijua, na hatimaye nilikuwa nimepata kazi ya shamba isiyohitaji ujuzi. Nilipiga ndoo nikipiga na mayowe, kiatu kimoja mguuni. Wale wawili walikimbilia kwenye mahindi, nasi tukawafuata ukingoni tukizidisha, mpaka mahindi yote yakaanza kutikisika. Wakatoka upande wa pili, wale wawili na wenzao ambao hatukujua kama wapo, wakaruka mtaro, wakavuka barabara, wakapotelea kwenye msitu wa mtu mwingine.

"Voilà!" akasema mama, akifuta jasho.

Hapo ndipo pembe ilipolia, ndefu, kutoka nyuma ya ukungu. Ilikuwa ishara ya kuanza msako.

Ukungu ulipopungua kidogo niliwaona. Walikuwa wamesimama kuzunguka shamba lote, mmoja hapa, mwingine kule, wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa, kila mmoja na bunduki mkononi. Mahindi ndiyo waliyokuja kuyasaka. Niliiweka ndoo chini, taratibu.

Mkuu wao alikuja akikanyaga tope kwa hasira, mtu mnene mwenye masharubu. "Mnajua mngekufa?" alifoka. "Mnajua? Msimu mzima tumesubiri hawa wanyama! Na hiyo sufuria ni ya nini?"

"Ya bilazi, monsieur," akasema mama kwa upole, kana kwamba ameulizwa dukani.

Mkulima alikuja nyuma yake kwa miguu, uso umempauka. Yeye hakufoka. "Nilikwambia usije," alisema.

"Ulisema, papa. Na mayi nayo ilisema."

Mkuu wa wawindaji alituamuru tutoke mara moja, ili wajaribu upande wa mbali ambako pengine kulikuwa na mnyama kiziwi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia kwenye matuta yake, maji mpaka kwenye vifundo vya miguu, akainua jembe.

"Bon. Tirez donc," alisema. Pigeni basi. "Lakini mbegu natoa kwanza."

Shina la kwanza lilitoka na viazi laini kama ndizi iliyosahauliwa, vikinuka pombe. Alivitupa pembeni. La pili vilevile. Alikuwa akitupa tu, na kila alichotupa kilianguka majini kwa sauti ndogo. Mkuu wa wawindaji alikuwa amefungua mdomo aendelee kufoka. Badala yake akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeingia msibani kwa makosa, "Ni nini hivyo?"

Mama alimweleza, kwa Kifaransa, bila kuinua kichwa. Mama yake. Likasi. Soksi. Kwamba nyingine haiko popote duniani.

Yule bwana alitazama matuta, akatazama msitu walikokimbilia paa. Akaikunja bunduki yake katikati, akatoa risasi na kuzitia mfukoni, akasema maneno machache kwenye redio ya mkononi. Halafu akatugeuzia mgongo, akasimama pale ukingoni na kizibao chake, akinung'unika, ili mtu mwingine asije akalenga upande wetu.

Mkulima alileta jembe la meno. Mimi nilichimba kwa mikono, kwa kuwa kiatu kimoja kilikuwa tayari kimeniondolea hadhi yote. Tulichimba kona nzima, na vilivyokuwa vizima vilienea ndani ya kofia ya mkulima, na kofia yenyewe haikujaa.

Baadaye bandani kulikuwa na supu ya wawindaji. Walikuwa hawajapata kitu, lakini supu yao hanyimwi mtu, nasi tukapewa viti. Mmoja akaniambia kwamba wao huwa na watu wa kufanya kelele msituni kuwatoa wanyama. "Wewe una kipaji," alisema. "Unakosa mwelekeo tu." Mke wangu amekuwa akisema hivyo hivyo kwa miaka.

Mama alikaa na ile kofia mapajani, akivipangusa viazi kimoja kimoja. Nilidhani atavifunga kwenye kitambaa twende zetu. Badala yake alichagua kizuri kimoja akampa mkulima. Kingine akanipa mimi. Cha tatu, kikubwa kuliko changu na cha mkulima, akampelekea mwindaji mwenye masharubu, aliyerudi nyuma kama ameonyeshwa nyoka.

"Hapana, madame. Ni vya mama yako."

"Njo vile tunafanyaka kwetu. Mbegu haikai mu nyumba moja. Yangu ikikufa, nitakuja kuomba kwako." Kisha akampa masharti, kwa Kifaransa chake cha hospitalini: pasiwe na baridi, pasiwe na maji, asikiweke kwenye friji. "Na usikule. Ukikula, nitajua."

Alikipokea kwa mikono miwili.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Viazi vya mama, chini ya kitanda kwenye mchanga, vilikuwa vimeshakunywa maji shambani, vikaoza ndani kwa ndani. Hakuniambia. Nililiona lile boksi kando ya barabara siku ya takataka, mchanga umemwagwa, na nikapanda ngazi bila kubisha mlangoni kwake. Kiazi cha mkulima kililiwa na panya. Changu nilikiweka juu ya hita ya chumba ninachoandikia, nikawa nakitazama kwa hisia, nikiwaza sentensi. Kilikauka kikawa kama kidole gumba cha mzee. Hilo nililazimika kumwambia, naye akasema tu, "Si kitu, papa," na kwa wiki kadhaa hakunitania hata mara moja, jambo lililoniuma kuliko kutaniwa.

Simu ililia mwishoni mwa Mei. Sauti ilinichanganya kwa kuwa haikuwa inafoka.

"Kimetoa majani," alisema mwindaji. "Mengi. Yanapanda ukutani. Mke wangu anauliza kama yana sumu."

Nilishuka ngazi kwa kasi isiyofaa umri wangu. Mama alisikiliza, akavua aproni, akavaa koti juu ya nguo ya nyumbani, tukaondoka.

Kiazi kilikuwa kwenye chumba cha mabuti, kati ya kabati la bunduki na kitanda cha mbwa, mahali penye joto kuliko pote katika nyumba ile. Mama alipiga magoti mbele yake. Aligusa majani, akayageuza, akanusa. Kisha akaomba kisu.

Alikata marando mengi akayafunga kwenye gazeti bichi. Mengine aliyaacha. Akatoka nje kutazama bustani ya yule bwana, iliyozungushiwa wavu mrefu pande zote.

"Hapa paa haingii?"

"Kwangu? Kamwe."

"Bon. Hii ingine itabaki kwako."

Mwindaji alichimba mwenyewe, kwa koleo la mbolea, masharubu yakitetemeka kwa bidii. Alipochukua rando la kwanza alilichomeka wima, kama bendera. Mama alimpiga kofi dogo mkononi.

"Hapana, tonton. Usisimamishe. Laza. Laza polepole, sawa mutoto."

Akalilaza.