Herufi Tatu Kwenye Barua ya Posa

Aibu hii nimeinyamazia tangu miaka ya hamsini, nikiwa karani wa shamba la mkonge nje ya Tanga, na hata leo nikiikumbuka uso unaniwaka.

Waingereza wana mtindo wa kukata maneno yao wakabakiza herufi za mwanzo tu (wana haraka, sijui ya kwenda wapi), na wakubwa wao huzipanga baada ya majina yao, kuonyesha shahada na nishani. Mimi jina langu lilikuwa tupu. Basi nilipoandika barua ya kumposa Mwanamvua wa mtaa wa Nguvumali, msichana niliyempenda mpaka chakula hakipiti, nikaona niipambe: nikachukua E.O.E., herufi nilizoziona kila siku chini ya karatasi za ofisini, nikazitia baada ya jina langu. Maana yake sikuijua, wala sikumuuliza mtu.

Desturi yetu mposaji hubaki kwao, wazee ndio waendao, lakini mimi na kimbelembele changu nikafuatana na ami, nikaketi barazani nisikie jina langu likisomwa. Likasomwa. Baba yake Mwanamvua akaniuliza kwa upole, "Na hizi herufi, mwanangu?"

Hapo ningesema sijui, yakaisha. Nikasema, "Ni cheo, mzee. Nimepewa na Wazungu."

Mjomba wa Mwanamvua, aliyekuwa karani wa forodhani miaka mingi, akaomba barua, akavaa miwani, akaitazama kitambo.

"Kijana, hizi huandikwa chini ya ankra. Muuzaji anajikinga, kwamba pakionekana kosa humu asishikwe yeye. Sasa wewe unaposa binti yetu, una kosa gani unalojikinga nalo?"

Baraza zima likacheka, na wanawake nyuma ya pazia wakacheka, na katika vicheko vile nikakitambua cha Mwanamvua. Kiliniuma kuliko vyote.

Siku ya tatu barua ikarudi mikononi mwa ami, pamoja na neno la baba yake: "Kutojua si aibu. Angesema hajui, tungempa mke. Lakini alitutazama usoni akatudanganya."

Mwanamvua akaolewa Pangani, na mtu asiyeweza kuandika hata jina lake na asiyeona haya kulisema hilo. Nami nikaapa: nisilolijua siliandiki, na nikiulizwa nasema sijui. Siku hizi neno hilo "sijui" nalisema vizuri sana, ila hakuna tena anayeniuliza.