Dawa Niliyonyweshwa Miaka Minne

Kwa miaka minne mama mkwe wangu alikuwa akitoka Nyantende kila mwezi na kuja kwetu Muhumba na chupa ya dawa ya mizizi ili nishike mimba, chungu kama nyongo. Nami nilikunywa. Asubuhi moja, damu ya mwezi ikiwa imetoka tena na macho yangu yamevimba kwa kulia, aliniwekea nyingine mezani mbele ya mume wangu.

"Kunywa yote, mama. Tumbo yako iko baridi."

Hasira ikanipanda. Daktari alikuwa amenipima mara tatu bila kuona kasoro. Alipomwita mume wangu naye apimwe, alikataa, eti mwanaume hapimwi.

"Maman," nikasema, "miye walishanipima, niko muzima. Mutoto wako njo anakatala kupimwa."

Mama mkwe akamgeukia. "Iko kweli?"

Mume wangu aliinamisha kichwa.

Jumatatu tulikwenda wote wawili hospitali, akapimwa. Mtoto bado hatujampata, na hilo nalivumilia. Ninaloshindwa kumsamehe ni kwamba alikuwa akiketi pale, akijua sina kasoro, na kunitazama nikinywa.